Ngoma za Mjomba Mdoe

Jana usiku niliota kabati langu la nguo linabishwa hodi kutoka ndani.

Hodi yenyewe ilikuwa ya kistaarabu, ya mgeni aliyelelewa vizuri. Nikasema karibu. Mlango ukafunguka, kikatoka kitabu. Kilikuwa na kimo cha mtu mzima na kilikuwa kimevaa gazeti, kama tulivyokuwa tukivivisha vitabu vya shule visichakae. Solotepu ilikuwa imeganda kwenye kola.

"Habari za humu, Mama Tunu," kikasema. "Nimekuja na maswali."

Lazima nieleze kwanza yaliyotokea nikiwa macho, maana kitabu kile hakikuja bure. Kinaitwa *Karamu kwa Mjomba Mdoe*. Tulikisoma darasa la nne kule Korogwe, na kwa miaka yote hiyo sijapata kupenda kitabu kama kile. Binti yangu Tunu nimemsimulia habari zake tangu hajaota meno: Mbeyu, msichana aliyekwenda kuishi kwa mjomba wake, mbuzi mweupe aliyekuwa akimfuata kisimani, picha ya sinia lililojaa maandazi, na karamu ya mavuno, ngoma zikirindima mpaka vumbi linatimka. Juzi nikakiona kwa muuza vitabu chakavu hapa Morogoro. Nilikikumbatia mbele za watu. Nikamwahidi Tunu kwamba Jumamosi tutakisoma pamoja.

Jana jioni nikasema ngoja kwanza nijikumbushe utamu peke yangu. Nikakisoma chote, kurasa za kushoto na za kulia.

Mjomba Mdoe amemuua shemeji yake, yaani baba wa Mbeyu, na kumfukia chini ya ghala la mtama. Mbeyu ameona. Kwa hiyo mjomba anamfungia mtoto ndani ya ghala lile lile. Mbuzi mweupe anachinjwa. Wageni wanakula, wanacheza, wanasifu upishi, na mtoto yumo ghalani anagonga. Hakuna anayemtoa. Mwisho. Kisha yanafuata maswali ya ufahamu, na la tano linauliza: "Nani alifurahi mwishoni mwa hadithi?"

Watu wazima walikaa kitako, wakaandika hayo, wakachapa, wakatuletea watoto wa miaka kumi. Nilishika kichwa. Kisha nikakitia kitabu kabatini, chini ya vitenge, nikafunga kwa ufunguo na ufunguo nikauweka chini ya mto. Tunu ningemwambia kimeliwa na panya.

Basi ndicho hicho kilichokuwa kimesimama mbele ya kitanda changu.

"Maswali gani?" nikauliza.

"Hiyo si sentensi kamili," kikasema. "Maelekezo yako wazi. Jibu kwa sentensi kamili."

"Sawa."

Nusu ya mlango wa chumba ikatoweka. Nikageuka kumwamsha mume wangu. Alikuwa amelala vizuri, ila alikuwepo upande wa kushoto tu: sikio moja, mguu mmoja na nusu ya mkoromo. Chandarua kilikuwa nusu. Mbu aliyekuwa akinizunguka alikuwa na bawa moja, na aliruka bila shida yoyote.

"Naomba uniambie nimemfanya nini mume wangu," nikasema, kwa tahadhari, nikihakikisha sentensi ina kichwa na miguu.

"Hujamfanya kitu. Ndivyo unavyosoma," kikasema kitabu. "Mume wako atarudi. Aliye taabuni ni Mbeyu. Bado yumo ghalani, na wewe jana umemfungia mlango wa pili."

"Mimi nimefunga kabati tu."

"Na yeye amelisikia komeo. Nenda kamtoe. Darasa limeshaanza."

Nikatoka kwa ile nusu ya mlango. Ukumbi wetu haukuwepo. Palikuwa na veranda ya shule yetu ya Korogwe, na ile rimu ya lori tuliyokuwa tukiigonga kama kengele ilikuwa inaning'inia mahali pake.

"Mwanafunzi, umechelewa," ikasema rimu.

"Mimi nina miaka arobaini na moja."

"Ndiyo maana nasema umechelewa."

Ndani, Mwalimu Ngoda amesimama mbele na chaki mkononi. Ni kijana mno. Ningeweza kumzaa, kama ningeanza mapema na bila adabu. Nikasita kidogo, lakini mwalimu ni mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Asnati. Kaa mahali pako. Kusoma kimya."

Mahali pangu ni dawati la pili, upande wa kushoto. Hapa asiyesoma shule za namna ile atataka maelezo. Vitabu vilikuwa haba, kitabu kimoja kwa dawati moja, watoto wawili. Tulikuwa tukikigombania mpaka kinachanika, ndipo Mwalimu Ngoda alipotunga sheria yake: kitabu kilale katikati, wa kushoto asome ukurasa wa kushoto, wa kulia asome wa kulia. Kuchungulia upande wa jirani ilikuwa ni kukopi, na kukopi kulikuwa na fimbo zake. Kipindi kikiisha, vitabu vinakusanywa. Hadithi ilikuwa inarukaruka kidogo, ni kweli, lakini hadithi gani ya darasa la nne hairuki?

Picha zote zilikuwa kushoto. Maandazi yalikuwa kushoto. Nilikaa kushoto mwaka mzima.

Kwenye kiti cha kulia amekaa Mwantumu, jirani yangu wa dawati. Yeye pia amekuwa mtu mzima, amejifunga mtandio, magoti hayaingii chini ya dawati. Sijamwona tangu tulipomaliza darasa la saba.

"Hujambo, Mwantumu."

"Sijambo. Wewe hapo kwako kuna nini leo?"

"Kuna Mbeyu na mbuzi wanakwenda kisimani. Na maandazi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwangu hayajawahi kuwepo maandazi."

"Kwako kuna nini?"

Kwa kuwa hiyo ilikuwa sentensi kamili, alijibu. "Kwangu mtoto anakwaruza mlango kwa kucha. Ilikuwa hivyo muhula mzima. Nikikutazama, wewe unacheka. Nilidhani tunasoma kitu kimoja, Asnati. Nikasema moyoni, huyu msichana ana roho ya jiwe. Nilikuogopa mpaka tunafanya mtihani wa mwisho."

Nilikuwa nimejua siku zote kwamba Mwantumu ni mtoto mpole, asiyependa michezo. Kila kipindi kilipoisha, Mwalimu Ngoda alikuwa akiuliza, "Ngoma za Mjomba Mdoe zilirindimaje?" nasi tukaanza kupiga madawati kwa viganja mpaka darasa la jirani wanalalamika. Mwantumu hakupiga. Alikuwa akiweka mikono mapajani na kutazama dirishani. Nilifikiri anaumwa tumbo.

Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, naomba kujua kama ulijua yaliyomo katika kitabu hiki."

Mwalimu Ngoda akaacha kuandika ubaoni. Hakukasirika. "Mimi nilipewa kitabu cha mwalimu," akasema. "Kina majibu peke yake. Hadithi haimo."

"Na jibu la swali la tano lilikuwa nini?"

"Wote walifurahi. Wewe ulipata vema, Asnati. Mwantumu aliandika 'hakuna', nikamtia kosa."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwantumu alikuwa anatazama dirishani.

"Tubadilishane viti," nikamwambia.

Hilo hatukuwahi kulifanya, na sijui kwa nini, maana kubadilishana viti si kuchungulia. Tukainuka. Katikati ya dawati, pale penye mshono wa kitabu, pini zilikuwa zimesimama wima, nene kama nondo za dirisha.

"Kila mtu upande wake," ikasema pini ya juu. "Sisi kazi yetu ni kushika."

"Endeleeni kushika," Mwantumu akasema. "Sisi tunapita." Akapita, mtandio ukanasa, akaunasua. Nami nikapita upande wake nikiwa nimebana tumbo.

Upande wa kulia kuna joto. Hakuna picha hata moja. Niko katika uwanja wa Mjomba Mdoe, mikeka imetandikwa, wageni wamekaa, harufu ya pilau imejaa kila mahali. Nyuma ya nyumba kuna ghala la miti na udongo, limefungwa kwa gogo.

Mbuzi mweupe amekaa mkekani kati ya wageni, sahani mapajani.

"Karibu," anasema. "Mimi nipo hapa na nipo kwenye sufuria pia. Usishtuke, nimeshazoea."

Nilishtuka hata hivyo. "Nilikuchora darasa la nne," nikamwambia. "Nilikuvisha shada la maua shingoni."

"Nililiona, ahsante. Lilinipendeza. Kamba ndiyo uliyoisahau."

Hapo anatokea Mjomba Mdoe mwenyewe. Nilitegemea jitu lenye macho mekundu. Ni mtu wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimechongwa, ananukia sabuni. Ananipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu, karibu sana. Habari za Morogoro? Baba Tunu hajambo?"

"Hajambo, ila amebaki nusu."

"Atapona. Na Tunu mwenyewe hajambo?"

Sikuwa nimemtajia jina la mwanangu. "Hajambo," nikasema.

"Mlete acheze na mwenzake. Nafasi ipo." Akaonyesha ghala kwa kidevu, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayekuonyesha chumba cha wageni.

Na hapo hapo nikasikia. Ngo, ngo, ngo. Ilikuwa ile ile hodi ya kabatini, ya kistaarabu, ya mtoto aliyefunzwa asipige kelele mbele ya wageni.

"Mjomba, kuna mtu anagonga ndani ya ghala lako."

"Ni panya," akasema Mjomba Mdoe.

Panya. Mimi naye tulikuwa tumefikiria mnyama mmoja. Sijawahi kuona aibu ndotoni kama aliyonitia mtu yule kwa neno moja.

Akainua mkono. Ngoma zikaanza.

Nageuka kuwatazama wapigaji, na hakuna ngoma. Kuna madawati. Watoto wa darasa la nne wamekaa safu kwa safu uwanjani, wote wa upande wa kushoto, wanapiga mbao kwa viganja, wanacheka. Katika dawati la pili najiona mimi. Nina pengo mbele, mshipa wa shingo umesimama, napiga kwa mikono miwili. Nina furaha isiyo na mfano. Kila ninavyopiga, ile hodi ya ghalani inazidi kuzama, mpaka siisikii tena.

"Acheni!" nikapiga kelele.

Neno likaanguka miguuni pangu bila sauti. Mjomba Mdoe akaliokota, akaliweka kando ili watu wasijikwae.

"Sentensi kamili, Mama Tunu," akasema. "Hapa ni shuleni."

Nikaangalia huku na huku kwa mfadhaiko. Ng'ambo ya zile pini, upande wa kushoto, Mwantumu amesimama chini ya picha ya sinia la maandazi, ameinua uso, anaitazama kama mtu anayeona bahari kwa mara ya kwanza. Chini ya miguu yake umeandikwa mstari wa mwisho wa ukurasa. Mimi naujua kwa moyo mstari ule. Ndio nilioupenda kuliko yote: *Ngoma ziliongezwa nguvu*. Sasa naona kwamba hauna nukta. Kwa mwaka mzima sikugundua kuwa hauna nukta. Na juu ya kichwa changu, mahali pa mbingu, naona mahali unapoendelea.

"Mwantumu," nikaita, "nakuomba usome mstari wa mwisho wa upande wako kwa sauti, na mimi nitamalizia."

Akainama. Akasoma kwa sauti ile ya darasani, ya kunyoosha maneno: "Ngoma ziliongezwa nguvu..."

Nikainua uso, nikasoma. "...ili kilio cha Mbeyu kisisikike."

Watoto wakaendelea kupiga.

Tukarudia, yeye nusu yake, mimi nusu yangu, bila kupumzika katikati. Mkono mmoja ukabaki hewani. Kisha mwingine. Tukarudia tena, na sasa lilikuwa darasa zima linasikiliza, midomo wazi. Yule mtoto mwenye pengo akatazama viganja vyake. Vilikuwa vyekundu.

"Hakuna aliyetuambia," akasema.

"Sasa tunawaambia," Mwantumu akajibu.

Pakawa kimya. Katika kimya hicho kila mtu akasikia, hata wageni, hata mbuzi. Ngo, ngo, ngo.

Watoto wakainuka wote kwa pamoja, wakakimbilia ghalani. Nusu wakashika gogo huku, nusu wakashika kule. Mjomba Mdoe akataka kuwafuata, lakini mbuzi mweupe alikuwa amekanyaga upindo wa kanzu yake na hakuonyesha dalili ya kuondoa kwato. Aliendelea kula.

"Hii haimo kitabuni," Mjomba Mdoe akalalamika.

"Tumebadilishana viti," nikamwambia.

Gogo likaanguka. Mlango ukafunguka, akatoka msichana mdogo kuliko nilivyokuwa nikimfikiria, mdogo kuliko Tunu, pumba za mtama zimemjaa nywele na kope. Akasimama, akatukunjia goti.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukasema, watu wazima wawili.

"Karamu imekwisha?"

"Bado haijaisha," nikasema.

"Nina njaa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita Mbeyu rafiki yangu, na sikupata kuwaza kama amekula. Nikalia waziwazi. Mwantumu akaling'oa sinia kutoka kwenye picha, akalipitisha katikati ya pini, na pini zikasogea bila kuambiwa. Mbeyu akakaa chini mavumbini akala andazi moja baada ya jingine, hakumtazama mtu. Mwalimu Ngoda alikuwa amefika nyuma yetu, chaki mkononi, ananong'ona kwamba jambo hili katika kitabu cha mwalimu halimo, halimo kabisa.

Kitabu nacho kikaja, kikirekebisha kola yake ya gazeti.

"Swali la tano," kikasema. "Nani alifurahi mwishoni mwa hadithi?"

Jibu nililijua. Nililipata vema. "Wote," nikaanza, na Mbeyu, mashavu yamejaa, akaniinulia macho.

"Siwezi kujibu sasa," nikasema. "Kuna mlango mmoja bado umefungwa, na ufunguo ninao mimi."

"Hizo ni sentensi mbili," kikasema kitabu, "na zote ni kamili."

Nikaamka. Mume wangu alikuwa mzima, pande zote mbili, anakoroma mkoromo kamili. Mkono wangu ulikuwa chini ya mto, umeshika ufunguo wa kabati kwa nguvu mpaka umeniacha alama kiganjani. Hilo halikunishangaza. Mtu anaweza kushika ufunguo usingizini.

Kumekucha, na ni Jumamosi. Tunu alikuwa amesimama mlangoni, kichwa timutimu.

"Shikamoo, Mama. Leo ndiyo siku ya kitabu."

"Marahaba." Nilikaa kidogo pembeni ya kitanda. Uongo wa panya ulikuwa bado upo, umeiva, ungenitoka bila jasho. Nikaenda kabatini, nikafungua, nikakitoa chini ya vitenge. Kilikuwa na kimo cha kitabu cha kawaida. Nilikitazama sana, hakikusema kitu.

Tukakaa mkekani. Tunu akawahi upande wa kushoto, akafunua haraka haraka kutafuta ile picha niliyomsimulia tangu hajaota meno. Akaipata. Akaikazia macho, kisha akanigeukia kwa uso wa mtu aliyetapeliwa.

"Mama, si ulisema sinia limejaa maandazi?"

Nikakichukua kitabu. Jana jioni nililiona limejaa, kwa macho yangu haya, limepangwa mpaka ukingoni. Sinia lilikuwa pale pale, kwa wino ule ule mweusi, na mchoro wake wa maua pembeni. Lilikuwa tupu. Palibaki vitone vichache vya makombo, vidogo sana.

"Nani ameyala?" Tunu akauliza.

"Kuna mtoto alikuwa na njaa."

"Mtoto gani?"

Nikakisogeza kitabu katikati yetu, nikaweka kidole kwenye ukurasa wa kulia.

"Yupo huku," nikamwambia. "Sogea, tusome pande zote mbili."